Gome

Benigna aliileta kompyuta ndani ya kapu la mboga,
ameifunika taulo, kama mkate usije ukapoa.
Juni, mkoa wa Badajoz, lami inanata kwenye soli
na korongo juu ya mnara wa kanisa wameachama midomo.
"Benki wamenikataa," akasema. "Eti nimepitwa na wakati.
Si mimi. Hii."
Akakigonga kifuniko kwa pete.

Toleo la miaka tisa. Waliolitunga walikwisha kuliacha,
halipokei tena viraka wala salamu.
Nikamwambia tutaweka jipya.
Akauliza swali wanalouliza wote,
ila yeye aliuliza amesimama,
mkono mmoja ungali juu ya kapu:
"Na vya Fulgencio?"

Nikamchorea mstatili nyuma ya risiti.
Hapa, nikasema, panakaa mfumo: injini, mabomba, waya.
Hapa nyumbani. Ndivyo panavyoitwa, nyumbani.
Katikati kuna kizigeu.
Nitavunja upande huu wote, nijenge upya,
na upande ule hata vumbi halitajua.

Aliutazama mstatili kwa muda.
"Kumbe ni mwaloni," akasema, na hapo ndipo alipoketi.
"Unaubandua gome kila mwaka wa tisa.
Shoka liingie hadi lisikie unyevu, lisizidi.
Chini yake kuna utando mwekundu kama ufizi wa mtoto.
Ukiujeruhi huo, umeuua mti,
na wajukuu watakuuliza kivuli kilikwenda wapi.
Arobaini na moja, misimu aliyobandua.
Hakuua hata mmoja.
Wewe je?"

Mwaka juzi nilifuta arusi nzima ya watu.
Kisanduku kimoja, tiki moja ya usingizi.
Bibi arusi alilia kwenye simu. Bwana arusi hakulia,
alinyamaza tu, na ule unyamavu ninao mpaka leo.
"Mmoja," nikamjibu.
Akatikisa kichwa kama anayepokea bei ya haki.

Basi kwanza nikanakili vyote kwenye diski ya pembeni:
uzito wa magome, kilo kwa kilo, tangu mwaka wa ukame;
sauti za njuga za kondoo, kila kundi na faili lake;
folda iitwayo MUHUMI, imekosewa hivyo hivyo;
na yale mafaili yaliyotanguliwa na nukta,
yasiyojionyesha mpaka uyaite,
ambamo mashine hukumbuka tabia za mtu:
ukubwa wa herufi machoni pake,
upande gani wa kioo alipenda kuweka saa.

Kisha kisakinishi kikaniuliza: umbiza nyumbani?
Nikaiondoa tiki. Nikatazama. Nikatazama tena.
Jina la mtumiaji nikaandika lile lile, kwa herufi ndogo,
maana nyumba humtambua mwenyewe kwa jina.
Mstari wa buluu ukaanza kutambaa.
Benigna akamenya chungwa, akanipa nusu, hatukusema.

Ilipowaka, palikuwa pageni: kingo za mviringo,
rangi za duka la peremende.
Lakini nyuma yake, mwaloni ule ule
uliopakwa tarakimu nyeupe kwenye shina,
na kivuli cha mpiga picha kikianguka kwenye nyasi.
Alikigusa kivuli kwa kidole. Kioo kikabaki na mafuta ya chungwa.

Saa sita kamili kengele ikalia.
Kikaibuka kijisanduku, kipya, maridadi,
kikasema kwa lugha ya marehemu:
*Fulgencio, kidonge cheupe. Baada ya kula, siyo kabla!*

Nikaupeleka mshale penye msalaba wa kufuta.
Mkono wake ukaja juu ya mkono wangu,
mkavu, mwepesi.
"Kiahirishe," akasema. "Kuna pa kuahirisha?"
Palikuwapo. Dakika kumi.

Nikabonyeza. Akajifuta vidole kwa taulo,
akasogeza kiti karibu na kioo,
akatazama saa.